Niliandika Kwamba Vipimo vya Lopur ni vya Kutunga

Admin, nifichie jina. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mama wa mtoto mmoja, nakaa Lodwar. Kazi yangu ofisini ni kukagua vipimo vya watoto vinavyoletwa kutoka vijijini, kabla ya kuamuliwa nani apewe unga wa lishe.

Mwaka jana mwenzangu, nitamwita Akiru, alipima unene wa mikono ya watoto wa Lopur, karibu na kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Mkono mwembamba ni dalili ya njaa. Kwa kawaida ukichora vipimo vya watoto wengi, mchoro hupanda na kushuka kama kilima kimoja: wengi katikati, wachache pembeni. Vya Akiru vilitoa vilima viwili. Kompyuta ikavikataa.

Nilimpigia simu. Akaniambia, "Dada, hawa watoto hawako sawa. Kuna wenye mama zao wanauza kuni kambini, hao wanakula. Kuna wenye mifugo yao iliisha yote. Kuja uone."

Sikwenda. Bosi alitaka ripoti Ijumaa. Nikaandika, "Vipimo vimetungwa." Akiru akafutwa kazi. Lopur ikatolewa kwenye orodha ya unga.

Miezi mitano baadaye nilitumwa huko kupima upya. Nilipima mwenyewe siku tatu. Vilima vilikuwa viwili vilevile, ila kile cha watoto wembamba kilikuwa kimepungua. Mungu anisamehe, nilifurahi, nikadhani wamepata nafuu. Nikamwambia mama mmoja hivyo.

"Yule dada wa kwanza alipima wangu wawili," akasema. "Wewe umepima mmoja. Mwingine tulimzika."

Nilimwambia bosi. Akajibu, "Hiyo ripoti ilishapita. Ukiifungua, tunaenda nyumbani sisi wote."

Nikamfuata Akiru hadi Kalokol, anakoanika samaki siku hizi. Nilipiga magoti mchangani nikaomba msamaha. Hakunifokea. "Mbona unaniomba mimi?" akasema. "Mimi niko hai."

Vipimo vyangu navyo kompyuta ilivikataa, na Lopur bado hawapati unga. Nikisema ukweli nje ya ofisi nitafukuzwa, na atakayekalia kiti changu atafuata kompyuta kama mimi. Nikinyamaza, kila mwezi nitapitisha orodha nikijua nani hayumo. Silali, sili vizuri, hata mwanangu naepuka kumshika mkono. Ndugu zangu mnaosoma, hata mkinitukana nitasoma. Niambieni tu, mtu kama mimi afanye nini?