Kiwanja cha Desderius

Huyu Desderius nimempangisha chumba hapa Kewanja tangu aletwe mgodini, kwa hiyo msinifundishe habari zake. Kwao Bukoba. Kabla ya hapa alikuwa Mtwara kwenye gesi. Wenzake wanachoronga visima, wanampa vipimo, naye anakaa kwenye kompyuta anachora modeli, yaani mwamba ulivyo huko chini na gesi imejificha wapi. Kwetu anachora dhahabu. Kazi nzuri, sikatai. Ila mdomo! Akikaa kwenye nyama choma hakuna mwingine anayepata nafasi ya kusema: "Bila modeli yangu, mgodi ungechimba kama kuku!" Tukamwamini. Kosa lake mwenyewe.

Maana huku shimo la mgodi likisogea, mwenye nyumba mbele yake analipwa fidia. Ndiyo maana tunategesha: ukinusa tu linakoelekea, unasimamisha banda la mabati, unachomeka miche ya miti, unangoja wathamini. Sasa nani anajua linakoelekea kuliko mchoraji?

Desderius akampenda Rhoda, nesi wa zahanati. Baba yake, mzee Nyangwine, akaweka sharti moja: "Binti yangu haolewi kwenye chumba cha kupanga. Jenga kwanza." Maskini akaenda kutazama kiwanja. Kesho yake kiwanja kizima mabati. Akatazama kingine; bodaboda aliyempeleka akawapigia simu ndugu zake, nacho kikajaa. Mimi nina banda moja tu pale, msiniangalie hivyo. Akasimama sokoni akapiga kelele: "Jamani, kule hakuna dhahabu! Nataka kujenga nioe!" Wee! Siku hiyo hiyo bei ya viwanja ikapanda.

Mwishowe akapata kimoja mbali, kwenye mihogo. Akamwambia mtu mmoja tu, mzee Nyangwine, aje akione kabla hajalipa. Jumapili alipofika na Rhoda, akamkuta mzee ameshauza ng'ombe, amekinunua yeye, na sasa anapigilia bati.

"Shikamoo, mzee. Lakini modeli inaonyesha hapa hakuna kitu!"

"Marahaba, mwanangu. Najua wamekukataza kusema." Mzee akachukua msumari mwingine. "Harusi tutafanya nikishalipwa fidia."

Desderius akamgeukia Rhoda. Binti wa watu alikuwa analia kwa hasira.

"Unaona mpaka chini ya mwamba," akamwambia. "Baba yangu, unayekula naye kila wiki, hukumwona?"

Akapanda bodaboda akarudi zahanati. Desderius bado ni mpangaji wangu.