Mvinyo wa Roccamura, munkoyo wa Kolwezi

Jumamosi asubuhi, jua limekwisha kupanda juu ya mabati ya Kolwezi, na Mama Blandine Mushiya anatwanga. Kinuni hamna mahindi. Mna mizizi ya rangi ya udongo inayopasuka nyuzinyuzi kila mchi unaposhuka. Pembeni yake, sufuria kubwa ya uji wa mahindi inapoa taratibu. Uji ni mzito hata mwiko unasimama wenyewe.

Anachovya kidole, anakitoa upesi. "Bado. Iko moto sana, itaunguza muzizi," anasema, kisha anarudi kwenye kinu.

Mama Blandine anapika munkoyo, na biashara hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wake wanne. Kwa asiyekijua kinywaji hiki, siri yake ni mzizi. Uji mzito ukifika vuguvugu, unatiwa mizizi iliyotwangwa. Mzizi ukiwa mzuri, uji unalegea na kuwa mwepesi kama maziwa, na utamu unakuja wenyewe bila sukari. Ukinywewa siku hiyohiyo ni mtamu, kesho yake una uchachu wa kupendeza. Mzizi ukikataa, umepika uji tu, mwite jirani mle.

Na leo mzizi unaweza kukataa kweli. Mizizi iliyomo kinuni haikuchimbwa porini kama ilivyo desturi. Mama Blandine aliipanda mwenyewe nyuma ya nyumba, na hajui mtu mwingine mjini aliyewahi kuthubutu.

"Munkoyo haipandwake, mama," anasema Wivine, rafiki yake anayeuza naye sokoni, ambaye amekuja mapema ili asikose tukio. "Ni kintu ya pori. Ukiifunga mu lupango, inakasirika."

Mumewe, Tata Ngoy, karani mstaafu wa reli, amekaa kwenye kiti chake na soksi zimepandishwa vizuri. Naye ana lake. Muuza vipuri vya malori anataka kukodi lupango hilo, kiwanja cha nyuma, ajenge ghala. Mume na mke wamekubaliana mbele ya watoto wao: mzizi ukikataa, mimea inang'olewa na ghala linajengwa.

"Mi si mutu mubaya," Tata Ngoy anajitetea. "Nimengoja miaka tatu. Hata mimba ya tembo haifikake pale."

Mama Blandine anacheka mpaka anaacha mchi. Lakini anapoushika tena, hacheki.

Zamani, anasema, mizizi haikuwa tatizo. Alipokuwa msichana alikwenda na mama yake upande wa Kingamyambo, wakarudi na furushi kabla jua halijawa kali. Siku hizi huko kuna mashimo ya migodi, mitambo na nyaya za uzio. Wachimba mizizi wanaifuata mbali, njia ya Dilolo, na fungu lililouzwa faranga mia tano sasa ni elfu tatu. Wauzaji wengine wamekata tamaa, wanatia sukari na hamira.

"Banaweka levure, banasema ni munkoyo," anasema. "Ile ni bongo, uongo ya baridi tu. Na mi nilikuwa karibu kuacha. Sikuwa na namna."

Namna aliipata mbali sana na nyumbani. Mama Blandine ni mwimbaji wa kwaya ya parokia, sauti ya pili, na miaka mitatu iliyopita kwaya yao ilialikwa na parokia rafiki katika kijiji cha Roccamura, kaskazini mwa Italia. Baada ya misa, wenyeji wakawapeleka kuona nyumba ya mvinyo ya kijiji, iliyojengwa kwa mawe karne nyingi zilizopita.

Waliteremshwa ngazi hadi chini ya ardhi, kwenye baridi na giza, katikati ya mapipa ya mbao yanayomzidi mtu kimo. Mwenye nyumba, mama mzee aitwaye Ornella, akawapangia bilauri mezani, akamimina mvinyo mweupe. Alimimina kidogo sana, kiasi cha kulowesha kitako cha bilauri.

"Nikawaza, masikini, imewaishia," anakumbuka Mama Blandine. "Nikaambia benzetu pole pole: mukunywe kidogo, tusibamalizie."

Kisha watu wakangoja. Ornella alingoja wageni waonje, na wageni walingoja Ornella aonje. Kwa wanakwaya, kama ilivyo Kolwezi, aliyepika kinywaji ndiye anayekunywa wa kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ili mgeni aone kwamba hakuna ubaya ndani yake. Kwaya nzima ilikaa mikono magotini, bilauri mezani, kimya kama wanasubiri mazishi. Mama wa watu akaanza kubadilika rangi. Alidhani mvinyo wake umewachukiza.

Ni Mathieu, kiongozi wa kwaya aliyesoma seminari Italia, ambaye hatimaye alimweleza. Ornella akacheka, akaichukua bilauri ya Mama Blandine mwenyewe, akanywa, akamrudishia. Kuanzia hapo, kila chupa iliyofunguliwa alianza yeye.

Mvinyo mweupe ulikuwa mkali, "sawa ndimu yenye kuwa na akili." Mwekundu ulimkausha ulimi kama pera bichi, kisha ukamwachia utamu baadaye, alipokwisha kuusamehe. Wa mwisho, wa zabibu zilizoanikwa, ulikuwa mzito na mtamu. Huo aliomba tena bila haya.

Mambo yaliharibika mara moja tu. Mgeni wa kundi jingine, bwana mwenye skafu, alionja na kutema ndani ya ndoo. Mama Blandine alisimama, akamshika Ornella mikono yote miwili na kumwomba radhi kwa niaba ya yule bwana. "Niliwaza ni mulevi ao eko na wazimu. Kutema kinywaji ya mutu mbele yake? Kwetu ukoo yako na yake bataikala chini kwanza, bapatane."

Mathieu alipata kazi tena, kueleza kwamba huko anayeonja mvinyo mwingi hutema ili asilewe.

Walipotoka nje, aliona mizabibu imepangwa mlimani mistari kwa mistari. Akauliza swali la mtu wa kazi: nani anawachimbia porini? Ornella hakuelewa. Hakuna pori, alijibu. Akamwonyesha shina moja nene lililopindapinda, akasema lilipandwa na bibi wa bibi yake. Ule mvinyo mwekundu ulitoka hapo.

Waswahili husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mama Blandine alisimama mbele ya shina lile hadi wenzake wakapanda basi.

"Haya ilinikamata," anasema. "Sisi tunachimba, tunachimba, kila kintu tunachimba. Hata munkoyo. Hakuna mwenye alipanda."

Aliporudi, alitafuta mbegu na miche njia ya Dilolo. Mwaka wa kwanza karibu yote ilikufa. Watu walimcheka sokoni. Alipanda tena.

Sasa uji umefika vuguvugu. Anatia mizizi, anakoroga, anafunika, na wote wanangoja. Wivine anajidai kufunga kilemba. Tata Ngoy amesahau kuwa yeye anataka ghala, amesogeza kiti karibu na sufuria mara tatu.

Mama Blandine anafunua. Uji bado mzito. Anafunika. Anafunua tena baadaye, anakoroga kwa nguvu, anainua mwiko, na uji unateremka, kwanza vipande vipande, halafu unatiririka kama maziwa. Anakaa chini hapohapo, kitenge kwenye majivu, machozi yanamtoka huku anacheka. Wivine anamkumbatia na kukiri kwamba pori limekubali kukaa mjini.

Munkoyo unachujwa. Mama Blandine anachota kikombe ili aanze yeye, na mkono wa Tata Ngoy unakiwahi.

"Tata, mwenye kupika njo anaanza," Wivine anamkumbusha.

"Lupango ni ya nani? Si ya yeye na mi?" anauliza Tata Ngoy. "Bon. Na mi nimepika." Anakunywa chote, anajifuta mdomo. Yule muuza vipuri, anasema, atatafuta mahali pengine.

Mama Blandine anapanga kuwagawia miche wanawake wenzake sokoni mvua zikianza, hata wale waliomcheka. Anajua mimea hii itachukua miaka mingi kunenepa, na kwamba mizizi minene kuliko yote hataitwanga yeye.

"Haina neno. Hata jina yangu basilijue," anasema. "Nataka tu mutoto mwenye hayazaliwa akuje siku moja, akunywe, asikie utamu, aseme: muniongezee."