Droo za Mama Cherehani

Wateja walimwita Mama Cherehani, na jina hilo aliliitikia upesi kuliko lake la kuzaliwa. Kwa miaka zaidi ya arobaini alishona sare za shule, mapazia na suti za harusi katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Mumewe alishafariki, watoto walishaoa na kuolewa, akabaki yeye na cherehani yake, wala hakujiona mpweke.

Kilichomsumbua ni goti. Baada ya kumfanyia upasuaji, daktari alimkataza kuchuchumaa na kupiga magoti. Aliahidi, na kwa miezi kadhaa akatimiza. Tatizo lilikuwa kabati la stoo, lile lililojengwa ukutani pembeni ya jiko. Kina chake kilikuwa mkono mzima na zaidi, na rafu za chini ndizo zilizobeba vizito vyote: unga, mchele, maharage, mafuta. Ukitaka kitu cha nyuma, sharti upige magoti uingize kichwa ndani, kama mtu anayemtafuta paka chini ya kitanda.

Jumanne moja asubuhi unga wa mbele ulikwisha, naye akapiga magoti kuufuata wa nyuma. Kushuka alishuka. Kuinuka ndiko kulikomshinda. Alikaa sakafuni tangu saa tatu hadi saa saba mchana, mgongo umeegemea mfuko wa mchele, mpaka mteja aliyefuata sketi yake alipochungulia dirishani na kupiga ukelele. Hakuvunjika popote. Lakini mteja yule alimpigia simu binti mkubwa, na moto ukawaka.

Binti alikuwa muuguzi. Alifika jioni ile ile na mumewe, mkononi kashika begi kubwa tupu.

"Mama, unahamia kwangu."

"Kufanya nini?"

"Kupumzika."

"Nimeshapumzika. Saa nne nzima, tena sakafuni."

Binti hakucheka. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akafunika uso kwa viganja. "Kazini nawaona kila siku," alisema. "Wanaletwa baada ya siku mbili, tatu, hakuna aliyejua wameanguka. Leo asubuhi nilipokupigia simu hukupokea, unadhani niliwaza nini?"

Mama Cherehani akachukua kipande cha kitambaa mezani, akampa ajifute. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, si kwa machozi.

Mkwe, mwalimu wa sayansi asiyependa maneno mengi, alikuwa jikoni akilimulika kabati kwa tochi ya simu. Alirudi akipangusa vumbi magotini.

"Mama mkwe analazimika kuvifuata vitu kule ndani," alisema. "Tukimwekea droo za kuvuta, vitu vitamfuata yeye."

Mama na binti wakatazamana. Mwishowe binti akasema amechukua likizo ya wiki moja, na wiki hiyo atakaa palepale. "Ikiisha nikakukuta bado unapiga magoti, begi hili linajaa. Sawa?"

"Sawa," alisema mama, ingawa moyoni hakuwa sawa hata kidogo.

Kesho yake walikwenda watatu kwenye duka la vifaa vya samani: mama, binti, na seremala wa mtaa wa pili, ambaye mama alimshonea suti ya harusi. Mama alibeba mfuko wa unga wa kilo kumi.

"Mama, kwani hapa tunauza unga?" aliuliza muuzaji.

"Huu wangu. Nimekuja nao kujaribia."

Akaomba kiti, akaketi mbele ya droo za maonyesho, akawa anauweka mfuko katika moja baada ya nyingine na kuivuta. Vikapu vya waya vilimpendeza macho, ila vilibonyea, na alijua vichupa vyake vya viungo vingelalia ubavu humo. Reli za bei nafuu, vile vyuma vya kutelezeshea droo, zilitoka nusu tu, nusu ya nyuma ikabaki gizani. "Hizi zinanirudisha kulekule," alisema. Alizonunua ni reli nzito zinazotoka zote, na seremala akashauri trei za plaiwudi zenye kingo fupi, ili kila kitu kionekane kutoka juu.

"Vipimo nitakuja kuchukua leo," alisema seremala.

"Vya nini? Ninavyo." Mama akatoa kikaratasi. Alikuwa amepima mwenyewe asubuhi, kwa futi kamba yake ya shingoni. Seremala alikisoma, akakitia mfukoni. Nani angebishana na mwanamke aliyempima yeye mwenyewe, na suti ikamkaa vile?

Ijumaa akaleta trei nne, zimepigwa msasa na vanishi, nzuri kabisa. Akainua ya kwanza kuiingiza. Ikagota. Akaigeuza, ikagota tena. Seremala akatoa tepu yake, akapima ndani: sentimita tisini, kama kikaratasi kilivyosema. Akapima mlangoni, kati ya fremu na fremu: themanini na nne.

Mama alihisi masikio yakiwaka moto. Alikuwa amepima kifua akasahau shingo, kosa ambalo wanafunzi aliowahi kuwafundisha kushona walikuwa wakilifanya wiki ya kwanza. Hakuthubutu kumtazama binti yake. Siku zilizobaki zilikuwa nne, na begi lilikuwa nyuma ya mlango.

"Fundi mwenzangu," seremala alisema polepole, "hili shati limekaa vizuri, ila kichwa hakipiti."

Binti ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka puani, akajaribu kukizuia, kikamshinda, akaegemea sinki. Mama naye akacheka mpaka akashika goti.

"Linarekebishika?" aliuliza, akijifuta macho.

"Mbona jepesi! Kupunguza si kama kuongeza." Angezikata trei, alieleza, kisha apigilie vipande vya mbao kwenye kuta za ndani, reli zisogee katikati zipite bila kugusa fremu wala bawaba. Na kosa lilikuwa lake pia, aliongeza, maana hakwenda kupima.

Kabla hajaanza kufunga reli, binti alimzuia. "Vizito viwe usawa wa kiuno. Chini ya goti lake usiweke kitu." Akachukua penseli, akamsimamisha mama yake kando ya kabati, akachora alama ukutani: kiuno, goti, bega. Mama alisimama wima akipimwa, kama mteja mwema.

Jumapili mchana kazi ikakamilika. Binti alipakia trei ya kiunoni kila kizito kilichokuwemo nyumbani, akarudi nyuma, mikono kifuani.

"Haya, mama. Nipe maharage. Yako mwisho kabisa."

Mama akavuta kwa vidole viwili. Trei ikaja yote, taratibu, haikuinama wala haikulia. Maharage yakawa mbele ya tumbo lake. Akamkabidhi mwanawe. Akaisukuma trei, akaivuta tena, bila haja yoyote, kwa raha tu.

Binti alishusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo. "Nilikuwa sitaki kukuhamisha," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa naogopa tu."

"Najua, mwanangu. Hata mimi niliogopa. Sakafu ile ilikuwa baridi, nisikufiche."

Jioni mkwe alikuja kumchukua mkewe, likizo bado ina siku mbili. Begi lilirudi tupu kama lilivyokuja. Mama aliwapungia mkono mlangoni, akafunga, akaingia jikoni. Akavuta trei ya juu, akachukua sukari, akajipikia chai, akaenda kuinywa karibu na dirisha, na suruali ya mtu iliyokuwa ikisubiri kupunguzwa urefu ikaendelea kusubiri.