Itajipa? Itapewa na Nani?

Nakumbuka siku ile mwili wa mama yake Profesa ulipofika mtoni, hapa Ndhiwa, ukakuta daraja jipya ambalo zege lake halijakauka.

Daraja lenyewe alilijenga Profesa. Mwanangu, wewe hukumkuta. Alikuwa mwanajeshi kwanza, akapigana Burma, akarudi akasomea uhandisi, akafundisha chuo kikuu, na kila likizo alikuja nyumbani kutujengea. Mimi nilikuwa fundi wake wa mawe, kijana, mdomo mwingi.

Lori la maiti likasimama. Jua linashuka, na kwetu lazima mama alale nyumbani kwake usiku wa mwisho kabla ya kuzikwa. Njia ya kuzunguka ilikuwa mbali mno. Wazee wakasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, lori lipite polepole." Nami nikadakia, "Profesa, wacha lipite. Itajipa, mambo yatakaa sawa yenyewe."

Akanigeukia. Ah, macho yale!

"Itajipa? Itapewa na nani? Vitani afisa mmoja alisema hivyo hivyo kuhusu daraja letu la mbao. Wenzangu niliwatoa majini wameshakufa. Ooyo, hapana! Hata mama yangu hapiti hapa."

Basi akavua viatu. Tukateremsha jeneza, tukalibeba mabegani, maji ya kiuno, yeye mbele akilia waziwazi, mimi nyuma nikipapasa mawe kwa nyayo. Kuna waliomsema: msomi gani huyu anamlowesha mamake? Mama alilala kwake.

Alipokuja kufa, alikuwa amekula chumvi nyingi. Lori lililomleta, na mabasi ya wanafunzi wake nyuma, yalipita juu ya daraja lile lile. Nilisimama chini yake nikisikiliza. Daraja halikulia hata kidogo.

Nakwambia haya kwa sababu juzi ulirudi kutoka machimbo ya Osiri, nikakuuliza kuhusu zile mbao zinazoshikilia shimo. Ukasema zimeoza kidogo, lakini itajipa. Wee! Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Shimo likiporomoka hakuna ukuta wa kujenga, ni kaburi tu. Dhahabu imekaa ardhini tangu babu zetu, haiendi popote. Badilisha mbao kwanza, ndipo ushuke. Wenzako wakikucheka, waambie baba yako ni mwoga, mimi sijali.

Nyasaye akutangulie kila unaposhuka, na akupandishe mzima. Unizike wewe, mwanangu, nisikuzike mimi.