Picha Mbili za Moyo Mmoja

Mwaka 2022, kiangazi kikielekea ukingoni na vumbi jekundu la Lubumbashi likiwa limekwisha kufunika hata majani ya mipapai, nilikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, miezi mitano na siku kumi na tatu. Nataja na siku kwa sababu hesabu niliipata ukubwani, na kitu cha ukubwani mtu hakiachi kikae bure.

Siku hiyo, Jumanne tarehe 16 Agosti, nilikwenda kupigwa picha ya kifua, ile ambayo kwetu huitwa radio. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimeomba kazi ya kufundisha darasa la alasiri, la kina mama wasiojua kusoma, katika shule ya parokia, na mkurugenzi wa shule alitaka cheti cha afya chenye radio, tena kutoka hospitali ya parokia hiyohiyo na si kwingine. Faili zingefungwa Ijumaa tarehe 2 Septemba.

Kazi hiyo niliitaka kuliko nilivyokiri mbele ya wanangu. Tarehe 14 Novemba 2006, siku nne baada ya kumzika mume wangu, aliyekuwa fundi wa reli, niliweka dole gumba kwenye karatasi za urithi. Karani alinipa kitambaa cha kufutia wino huku akitazama pembeni, kana kwamba nimejimwagia mchuzi. Mwaka uliofuata nikaanza darasa la kwanza, nina miaka arobaini na sita, na mwaka 2019 nikapata diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari. Nilitaka sasa kuwatoa wenzangu kwenye kile kitambaa.

Nilivaa kitenge changu cha sikukuu, nikaingia chumba cha radio nikiwa nimeinua kichwa. Kikashuka chenyewe. Fundi wa mashine alikuwa mdogo wa mkwe wangu, wa tumbo moja na mume wa binti yangu mkubwa.

Sisi tuliotoka kaskazini mwa Katanga tuna heshima tunayoiita buko, na mkwe mwenyewe tunamwita muko. Mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapeani mkono, na mdogo wa mkwe ni mkwe vilevile. Kijana alivua kofia, akachuchumaa, akapiga makofi taratibu, macho sakafuni. Nami nikageuzia uso ukuta wa pembeni.

Hatimaye alianza kuzungumza na mizani iliyokuwa pembeni.

"Kama kuko mama mu hii chumba," aliiambia mizani, "anaweza kuikala ku kiti."

Nikaketi.

"Kama anaweza, apumue kidogo."

Baadaye niliambiwa kwamba mtu hupaswa kusimama, kifua kikiwa kimebana bamba la picha na mgongo ukielekea mashine, kisha avute pumzi nyingi na kuizuia. Lakini kumpa mkwe mgongo ni kumtukana, na kupumua kwa kelele mbele yake ni utovu wa adabu. Kwa hiyo niliikabili mashine nimeketi, nikatoa pumzi yote polepole ili isisikike, nikajikunja. Kijana alikimbilia nyuma ya kikinga chake na kubonyeza. Nina hakika alifumba macho.

Ijumaa tarehe 19 majibu yalitoka, na mkurugenzi akanirudishia faili. Karatasi ilisema moyo wangu umepanuka.

"Mama, darasa liko na wanawake makumi ine," alisema, naye ni mwanamke mpole. "Siwezi kukuacha uanguke mbele yao. Ulete karatasi ingine, ama tumwachie mwingine nafasi."

Binti yangu mkubwa alihamia kwangu jioni hiyohiyo na mabegi mawili. Alificha chumvi. Alinikatalia ufagio. Aliniambia nisipande ngazi.

"Nyumba yangu haina ngazi," nikasema.

"Ata kama. Usipande."

Alinikataza hata kucheka sana, eti moyo unachoka, na akaniandalia kiti barazani ambako majirani wangeweza kuja kuniaga mmoja mmoja. Wawili walikuja. Mmoja alileta ndizi, akauliza kama vitenge vyangu nimekwisha kuvigawa. Nikamjibu kwamba vitano vimegawiwa, na chake hakimo.

Siku ya tatu kiti kilinichosha. Niliibandika ile picha kwenye kioo cha dirisha, nikatoa rula yangu ya sentimita thelathini, ileile ya darasa la kwanza. Kwenye karatasi ya hospitali ilikuwa imeandikwa kwamba upana wa moyo hugawanywa kwa upana wa kifua ndani ya mbavu, na jibu halitakiwi kuzidi nusu. Nikapima. Moyo, sentimita kumi na tano na milimita nne. Kifua, ishirini na saba na nusu. Nikagawanya mara tatu, mara ya tatu kwa kalamu nyekundu, na kila mara jibu lilikuwa sifuri nukta tano sita. Hesabu yao haikuwa na kosa. Hilo lilinikasirisha zaidi.

Jumatano tarehe 24 nilimtoroka binti yangu, nikaenda kwa daktari wa hospitali ileile nikiwa na picha na rula ndani ya mkoba. Daktari ni binti wa familia ya Waislamu wafanyabiashara waliotoka Maniema, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu. Alinipima presha, akasikiliza kifua, akabonyeza vifundo vya miguu kutafuta uvimbe, akaniuliza kama nalala kwa mto mmoja au miwili. Hakupata kitu. Akaitazama tena picha dhidi ya mwanga.

"Mama, ulisimama au uliketi?"

"Niliketi."

"Ulimpa fundi mgongo?"

"Daktari," nikasema, "mimi ni mwanamke mwenye adabu. Yule ni muko wangu."

Akaweka kalamu chini. Nilipomweleza habari ya mizani, alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakatikisika.

"Kwetu mkwe tunampa chai tu," alisema alipopata sauti.

Kisha akawasha taa ya simu yake, akaielekeza ukutani na kuweka ngumi mbele yake. Ngumi ilipokuwa karibu na ukuta, kivuli chake kilikuwa ngumi. Alipoirudisha kuelekea taa, kivuli kikawa kama boga. Moyo uko upande wa mbele wa kifua, alisema. Ukiuweka mbali na bamba, picha inaukuza. Na asiyevuta pumzi, mapafu yake hayajai, moyo unalala kwa upana kama mtu aliyepewa kitanda kizima.

"Basi nipige nyingine," nikasema.

"Fundi mwingine amekwenda msibani Kilwa, hii ya Katanga. Atarudi katikati ya Septemba. Yuko huyo mkwe wako tu."

Njiani nilihesabu siku zilizobaki: tisa. Buko huondolewa, hilo kila mmoja kwetu analijua, lakini huondolewa kwa utaratibu, na mkubwa ndiye anayeita. Sikuwa nimewahi kumwita yeyote. Hata mkwe wangu mwenyewe, baada ya miaka kumi na moja, alikuwa bado anasalimia kutoka nje ya mlango. Ukweli ni kwamba nilipenda kuogopwa kidogo. Sasa niliwaita ndugu wote wawili, Jumamosi tarehe 27 Agosti, saa sita mchana.

Walileta kuku mweupe na kitenge kimoja kila mtu. Nami nilipika bukari, ugali wetu, na samaki wa Kasenga, nikawawekea kwa mikono yangu na kuketi mbele yao. Wifi yangu, dada wa marehemu, ndiye aliyesimamia. Mkubwa alikula kama mtu aliyengoja miaka kumi na moja. Mdogo alishika tonge, akaliviringa tu vidoleni.

"Kula, muko," wifi alimwambia. "Ao unaogopa macho ya samaki nayo?"

"Naogopa ya mama."

"Ya mama ni mbili tu. Angalia moja kwanza."

Akaangalia. Ana macho mazuri yule kijana, sikuwa najua. Alipomeza tonge la kwanza, wifi alitangaza kwamba buko imeondoka, na atakayetazama chini tena atatozwa mbuzi.

Jumanne tarehe 30 Agosti niliingia tena chumba cha radio. Mizani haikuambiwa neno.

"Mama, mugeuke. Kifua ku bamba. Mikono ku kiuno, mabega mbele." Sauti ilianza kwa woga, kisha ikapata utamu wa kuamuru. "Muvute pumzi. Tena. Tena, mama, musikuwe bahili. Mufunge."

Nikafunga. Mashine ikalia. Nikaendelea kufunga. Nilipoanza kuona nyota nikapunga mkono.

"Ah, mupumue," alisema. "Munisamehe, nilisahau. Sikuzoea mama akinitii."

Daktari aliniachia nipime mwenyewe. Moyo, kumi na tatu na milimita tatu. Kifua, ishirini na nane kamili. Sifuri nukta nne saba tano, chini ya nusu. Aliandika kwamba moyo ni wa kawaida, akaongeza kwamba nirudi kila mwaka kupimwa presha, na nisimtoroke tena binti yangu.

Ijumaa tarehe 2 Septemba 2022, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkurugenzi alisoma karatasi hiyo, akagonga muhuri, akanigeuzia daftari la walimu. Kisahani cha wino kilikuwa kimeachwa karibu na mkono wangu wa kulia. Nilikisogeza pembeni ili kiwiko kipate nafasi, nikaandika jina langu lote, herufi kwa herufi, nikaweka na tarehe.