Kompyuta Iliyoshindwa na Mlima

Mkubwa wangu kazini, mhandisi mwenye diploma mbili ukutani, alichagua kompyuta kama watu wanavyochagua betri sokoni: kwa kuinyanyua. Tulikuwa dukani kwa mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Rugenge. Vita vilikuwa vikizunguka upande wa Bwegera, na wafadhili wa mradi wetu wa maji walikuwa wamesema wazi kwamba mapigano yakisogea, wataondoka. Michoro ilitakiwa upesi. Mhandisi alinyanyua kompyuta ya kwanza, akaguna. Akanyanyua ya pili, uso ukang'aa.

"Hii ndiyo mashine! Iko muzito."

"Shefu," nikamwambia, "miye ndiye nitachora. Tuchukue ile ingine. Iko na memwari mingi, na karte ya grafiki ya kufungua michoro mikubwa."

"Karte ya batoto ya kuchezea michezo! Weye uko mutoto?"

Mwenye duka akaifunga ile nzito haraka, kabla akili haijaturudia.

Uzito wenyewe ulikuwa chuma cha sanduku tu. Ndani mlibaki nafasi ya kufugia kuku. Ilifungua mchoro wa bomba moja bila shida. Nilipoleta mistari ya kimo, ile inayoonyesha mlima unavyopanda kutoka ziwani hadi nyumba za juu za Songo, kioo kiliganda. Nikazima, nikawasha, kikaganda tena. Siku tatu jenereta ilikunywa mafuta bure, huku mhandisi akidai kwamba sijui kubonyeza.

"Toa mulima," akasema mwishowe. "Tunachora mabomba, hatuchore mulima."

Upuuzi mtupu. Bila mlima hujui tangi likae kimo gani ili maji yafike juu. Na huko juu aliishi mama yangu, aliyeteremka kila asubuhi na bidoni, dumu lake la maji, hadi mtoni, kwa njia ambayo watu walikuwa wamepigwa risasi. Lakini kubishana na mjinga mwenye cheo kunachosha, nami nilikuwa nimechoka. Nikaufuta mlima. Mchoro ukafunguka mara moja, tambarare kama meza, na mhandisi akanipiga bega kwa furaha.

Mabomba yakalazwa kwa mchoro ule, na wafadhili wakaondoka. Siku ya ufunguzi, maji yalitoka kule chini, watu wakapiga vigelegele, mhandisi akahutubia. Kule juu nilimkuta mama amevaa kitenge kipya. Akafungua bomba. Likakohoa hewa, likanyamaza.

"Ni weye ulichora?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

Alichukua bidoni yake, akaanza kuteremka kwenda mtoni.