Upupu wa Mikononi

Nilizaliwa na uvimbe mgongoni, kiunoni hasa, mkubwa kama limau na umefunikwa na ngozi. Kuanzia magoti kwenda juu nilikua vizuri tu. Chini ya magoti miguu ilikuwa myembamba na ya baridi, nikatembea kwa kujiburuta kwa mikono, au kwa kushika kuta na mabega ya watu. Kijijini kwetu, juu ya Mkuyuni, lawama zote alibebeshwa mama. Walisema alipokuwa na mimba yangu aliruka kamba ya mbuzi.  Mama alinibeba mpaka shambani, akaniketisha kwenye tuta la maharage nipalilie pale nilipofikia, na nilipalilia kuliko wenye miguu yao.

Najisifu, najua. Nimeshazeeka, niacheni nijisifu.

Nilipovunja ungo, reli ya Mjerumani ilikuwa imeshafika Morogoro, na waliotoka stesheni ya Mikese walirudi na hadithi za gari la moshi. Nyumbani kwetu gumzo lilikuwa jingine: je, na mimi niwekwe ndani nichezwe unyago? Mama mkubwa, dada yake mama, alipinga waziwazi. Alisema mwali asiyeweza kusimama ni kupoteza chakula bure. Kwetu asiyechezwa hubaki mtoto hata akiota mvi: hakai na wanawake wenzake, akisema hasikilizwi, na shamba la ukoo hapewi. Neno la mwisho lilikuwa la mjomba, mkubwa wa ukoo wetu. Alisema niwekwe ndani pamoja na binti wa mama mkubwa, ambaye mimi namwita dada. Nikishinda jaribio ambalo kila mwali hupewa, atanitoa nje yeye mwenyewe. Nikishindwa, basi.

Mengi ya ndani siyasemi, hata mkinibembeleza. Nasema hili moja kwa sababu ni langu.

Kungwi wetu alikuwa bibi, mama yake mama, mtu wa maneno machache. Siku ya jaribio alituketisha mimi na dada, miguu tumeinyoosha, akatupaka upupu kuanzia nyayo mpaka magotini. Chungu cha maharage kiliinjikwa mbele yetu. Tusijikune mpaka maharage yaive.

Dada alitetemeka mwili mzima. Machozi yalimtoka na kamasi pia, lakini mikono yake haikuondoka mapajani. Mimi nilikaa nikitazama moto. Wanawake wakaanza kunong'onezana, kisha vigelegele. Mama mkubwa, yuleyule aliyenipinga, alisema huyu ndiye mwanamke, akamgombeza binti yake kwamba anashindwa na kiwete.

Hapo ndipo nilipoona aibu. Miguu yangu ilikuwa haisikii kitu tangu niliposhuka duniani. Utotoni niliwahi kuunguza kisigino jikoni nikajua kwa harufu tu, na watu walisema mtoto huyu ni jasiri, nami nikatembea na sifa hiyo miaka yote. Sasa jasiri wa kweli alikuwa kando yangu akigombezwa. Ningenyamaza, ningetoka mwali. Ningesema, huenda ningebaki mtoto maisha yangu yote. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira yangu haijui kusubiri.

"Bibi," nilisema, "miguu yangu haisikii upupu. Haijawahi kusikia kitu. Nipake mikononi."

Vigelegele vilikatika. Mama, aliyekaa karibu na mlango, alijifunika uso kwa kanga. 

"Mikono ndiyo unayotembelea," bibi alisema.

"Ndiyo hiyo, bibi."

Alinipaka mpaka viwikoni, akainjika chungu kingine. Sitawadanganya: nililia kuliko dada. Nilimtukana kila mtu kimoyomoyo, na mjomba nikamtukana mara mbili. Lakini sikujikuna. Dada alikuwa amemaliza zamu yake na angeweza kwenda kuoga. Hakwenda. Alikaa ameniegemea bega mpaka maharage yakaiva.

Miaka mingi baadaye mjukuu wangu aliyesomea uuguzi alinieleza mgongo wangu. Alisema mtoto tumboni, kabla mama yake hajajua hata kama ana mimba, mgongo wake huwa kama jani lililolala wazi. Jani hilo hujikunja, kingo zikakutana, likawa mrija, na ndani ya mrija ndimo zinamokua chembechembe za kuwa neva: nyingine za kusogeza viungo, nyingine za kusikia moto na baridi. Kwangu mimi mrija haukufunga sawasawa pale kiunoni. Chembechembe za mahali hapo hazikukua zikajipanga inavyotakiwa, na nyuzi za kwenda miguuni zikatoka pungufu. Zilizo juu ya hapo zilikua salama, ndiyo maana mikono yangu ni mizima na kichwa changu, mnaona wenyewe. Nilimuuliza kuhusu kamba ya mbuzi. Alicheka, akasema hakuna kamba wala mbuzi. Nililia, kwa sababu mama alikuwa ameshakufa bila kuyasikia hayo.

Ila siku ya kutoka nje, siku moja tu baada ya upupu, mama alikuwepo. Kwetu siku hiyo mwali hakanyagi ardhi: hubebwa mabegani, na ngoma humfuata. Mjomba alinibeba mimi kama alivyoahidi, na dada akabebwa na mwanamume mwingine wa ukoo. Tulikuwa juu ya watu wote, tumepakwa mafuta, tumevikwa shanga. Wageni kutoka Mkuyuni walikuwa wamesikia kwamba mmoja wetu hatembei kwa miguu bali kwa mikono, wakawa wanaulizana ni yupi. Walitutazama huyu na huyu, wasijue.

Nikainua mikono yangu juu, imevimba na imejaa vipele, ili wanijue.